Shikamoo Marehemu

Leo nimetangaza msiba uwanjani, watu wakacheka.

Sababu mnaijua. Wiki iliyopita nilikuwa natangaza mechi ya Liuli na Mbinga redioni, na spika za uwanja zinarusha sauti yangu. Wakati wa mapumziko nikasoma vikaratasi vya wasikilizaji. Vya salamu na vya vifo nilikuwa nimevishika pamoja. Mzee Ndunguru, kipa wetu wa zamani, alikuwa ametuma salamu tu. Mimi nikamsoma kwenye vifo, nikaomba dakika moja ya ukimya.

Uwanja mzima ukasimama. Na yeye akasimama, kofia mkononi!

Nilipooneshwa, nikachanganyikiwa hewani: "Shikamoo marehemu, naomba radhi."

"Marahaba," akajibu.

Basi. Ikawa stika, ikawa mlio wa simu. Bodaboda wote wa stendi wananiamkia hivyo. Nilicheka nao, ningefanyaje?

Alfajiri ya leo Mzee Ndunguru amefariki. Kweli kabisa. Binti yake amekuja uwanjani na kikaratasi, akasimama pembeni yangu nikisoma.

Jukwaa zima likaangua kicheko, likapaza sauti: "Shikamoo marehemu!"

Halafu wakanyamaza, wanasubiri aitikie.

Binti yake naye akawatazama tu.

Haya, itengenezeeni stika na hiyo.