Somo la Kuota kwa Mbegu

Binti yangu alipomfuata mume wake kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Lusangi, aliniachia wasichana wake wawili. Mkubwa alikuwa mwaka wa tano wa shule ya msingi, mdogo mwaka wa pili. Mimi nilifika sekondari, na hapa mtaani kwetu Kasongo mtu akipata barua ya Kifaransa bado huja kwangu nimsomee. Nilifikiri hiyo inatosha kusimamia kazi za shule.

Nilisimamia kama nilivyosimamiwa mimi. Mwalimu huandika somo ubaoni kwa Kifaransa, mtoto analinakili katika kaye, daftari lake, na jioni analikariri mbele yangu. Akikosea neno moja, anarudi mwanzo. Nilishika kijiti. Sikumpiga mara nyingi, lakini kijiti kilikuwepo na alikiona.

Siku moja mkubwa alileta somo la kuota kwa mbegu. Alipofika katikati akasimama.

— Babu, cotylédon iko nini?

Sikujua. Nimepanda karanga na mpunga tangu ujana, lakini neno lile nililikariri nikiwa mtoto bila kuelezwa na mtu, kisha likanitoka. Ningeweza kumwambia hivyo. Nilisema:

— Kamata kwanza maneno. Maana itakuja yenyewe. Anza tena!

Akaanza tena. Karanga tulizoanika zilikuwa hatua tatu kutoka kwenye kiti changu. Kabla jua halijazama alikuwa ameshika ukurasa mzima, nami nikajiona mwalimu kweli.

Kesho yake mdogo alitangulia kufika nyumbani, anacheka.

— Babu, dada wanamuita Radio!

— Nani anamuita?

— Watoto wote, mu njia! Mwalimu alileta karanga yenye kuota, akamuambia aonyeshe cotylédon na kidole. Yeye akaanza kukariri tu! Mwalimu anasema basi, basi, yeye iko anaendelea mpaka mwisho!

Mkubwa aliingia nyuma yake, akapita bila kunisalimia.

Nilikwenda kumwuliza mwalimu, kijana mpole. Alinieleza kwamba cotylédon ni yale mapande mawili ya karanga, chakula cha mche kabla haujapata majani. Nimeyatenganisha kwa meno maisha yangu yote.

Jumapili, tulipotoka kanisani, nilimwita mkubwa nikamwambia ukweli: neno lile sikulijua. Akaniuliza:

— Sasa juu ya nini haukusema kama haujui, babu? Tungeuliza mwalimu.

 Sababu ni moja tu: niliona haya mbele ya mtoto wa miaka kumi na moja, na ili kuficha haya yangu nikampeleka yeye akaaibike mbele ya darasa.

Kijiti nilikitupa. Nilimwambia pia kwamba hatarudi mwanzo tena, aniulize lolote. Alisema ndiyo. Lakini sasa hufanyia kazi zake kwa mama mmoja wa jirani ambaye hakumaliza hata shule ya msingi. Nawasikia wakibishana, wakicheka, wakiita mtoto mwingine aje awasaidie. Akirudi namwuliza:

— Leo wamewapa nini?

— Hakuna kitu, babu — ananijibu kwa adabu, na kaye iko chini ya kwapa lake.