Kikohozi cha Mjomba

Kwanza kilikuja kikohozi. Kikavu, mara mbili, kama mtu anayegonga bati. Nilikuwa bado chini ya blanketi, katika nyumba yetu ya kusini mwa Louisville, na sauti ikafuata kutoka jikoni: "Ukiinua mkono kuapa uraia wa Amerika, Kongo umeizika! Hutakanyaga tena pale kitovu chako kilipozikwa!" Kisha kikohozi tena. Mama alikuwa akiucheza tena na tena ujumbe wa sauti uliomfikia kwenye simu, kama wimbo wa kwaya.

Kiapo chake kilikuwa asubuhi hiyo. Gauni la kitenge lilining'inia mlangoni, limepigwa pasi. Yeye aliketi na nguo ya kulalia.

"Siendi. Mama yangu yuko Uvira, macho yanamwishia. Niape, halafu nifungiwe njia?"

"Mama, pasipoti ya hapa ndiyo itakayokufikisha kwake!"

"Weye unaandika hadithi za uongo. Huyu anasema kweli, hata analia."

Hakuwa akilia, alikuwa na mafua. Lakini ujumbe ulitumwa na shangazi wa Columbus, na katika ukoo wetu, neno likishapita kwa shangazi limeshabatizwa.

Binamu yangu wa Brussels alikuwa akizunguka miji ya Ulaya, akifundisha vijana wasimeze habari bila kutafuna. Tulimcheka: analipwa kwa ubishi, na sisi wabishi tunao wa bure! Asubuhi ile nilikumbuka swali lake moja: kabla hajasema hivyo, alisema nini?

Nikasikiliza upya. Kikohozi kile nilikijua. Kilikuwa kimeharibu sala zote za utoto wangu. Nikampigia mjomba, mdogo wake mama, mchungaji huko Buffalo.

"Mjomba, ni wewe uliyesema ukiapa unaizika Kongo?"

"Ah! Nilikuwa ninahubiri juu ya shetani, baba wa uongo. Nikawaambia, sikieni anavyowatisha. Bon, nikamwigiza. Waumini wangu wa Cheektowaga, hapa kando ya Buffalo, walipiga vigelegele!"

Basi mtu alikuwa amemrekodi shetani, akamwacha Mungu nje.

Mama akaninyang'anya simu. "Donc, kumbe shetani ni wewe?"

"Dada, nilimwigiza tu! Nenda ukaape!"

"Ulimwigiza hadi mafua yake."

Akakata. Akavaa kitenge, akapaka midomo rangi kama anayejiandaa kwa ugomvi, kisha akarekodi ujumbe kwa ukoo mzima: "Ninayesema ni mimi, jikoni kwangu. Ninakwenda kuapa, nipate pasipoti, nimwone mama. Na uchaguzi ukija nitapiga kura kwa hasira hii hii. Wifi wa Columbus, ukiutuma, usiukate katikati!"

Nje jirani alipiga honi. Nilitaka kumsindikiza mama.

"Baki uandike," alisema. "Lakini usinitilie maneno ambayo sikuyasema."

Akakohoa mara mbili, kikohozi kikavu kile kile cha mdogo wake, akaubamiza mlango.