Jina Ndani ya Sebene

Wimbo ule haukuwa wangu. Naanza hapo kwa sababu watu wakinikuta sokoni Manika, hapa Kolwezi, hunishika mkono na kuniambia, "Mama muimbaji, ile wimbo yako!" nami nakosa pa kuangalia. Maneno ni yangu, sawa. Lakini sauti yenyewe, ule mwendo wa kupanda na kushuka, ilikuwa ya mtu aliyekufa, mdogo wake rafiki yangu mpiga gitaa.

Huyo rafiki nilianza naye kwenye kwaya ya vijana parokiani. Mi nilikuwa na sauti na haraka; yeye alikuwa na vidole na subira. Tukafukuzwa siku moja, mimi kwa kubishana na mkubwa wa kwaya, yeye kwa kucheka kwa nguvu wakati nafukuzwa. Tangu hapo tukapiga muziki wetu wenyewe, bila orkestra, bila bwana wa kutusimamia. Mchana mi nilikuwa kwenye mashine ya fotokopi karibu na ofisi za komini, serikali yetu ya mtaa, yeye akitengeneza redio kwao. Na mi nikipata mstari wa wimbo siwezi kutulia, mwili unawasha. Nilimwacha mteja na karatasi zake mkononi, nikapanda pikipiki ya taxi-moto, nikaenda kumwimbia rafiki yangu mlangoni huku dereva ananingoja na kunung'unika. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Apana. Rudia kesho." Nilimchukia kwa neno hilo, na bila hilo sikuweza kutunga kitu.

Mdogo wake alikuwa mchimbaji, mmoja wa hao vijana wanaoshuka kwa kamba kutafuta shaba na kobalti. Sisi sote tulimwita Mudogo, basi, na yeye aliitika. Jumapili alikuja kukaa nasi kwenye kiwanja cha nyumba ya mama yao, vumbi la shimo bado liko kwenye nyusi, akivuma ule wimbo wake usio na maneno. Alisema ndio anaouimba akishuka, ili wenzake wa juu wajue bado anapumua. Nikimwomba auimbe vizuri, alicheka tu. "Dada, mi siko muimbaji. Mi niko paka na woga." Yaani woga tu.

Shimo lilimwangukia wakati wa mvua, na hawakumtoa. Mi nilikuwa Dilolo, nimeitwa kuimba kwenye harusi, na njia ya kurudi wakati wa mvua hukatika kwa matope, kila mtu huku anaijua. Nilipofika Kolwezi kilio kilikuwa kimekwisha, mikeka imekunjwa. Hakukuwa na kaburi la kwenda kuliona wala msalaba. Nilikaa na mama yao dakika chache, aibu ikanishika, nikatoka. Ndivyo nilivyo, nikiumia natembea.

Miezi ikapita. Siku moja rafiki yangu akaja mwenyewe pale fotokopi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ile wimbo ya Mudogo, mi nakupatia," akasema. "Weye utie maneno. Lakini unisikie muzuri. Usitupe libanga ndani, ata moja. Ukitupa, weye na mi ni mwisho."

Libanga ni desturi yetu sisi wanamuziki. Wimbo ukifika kwenye sebene, pale gitaa linapokimbia na watu wanainuka kucheza, mwimbaji anatupa jina la mkubwa fulani: mwenye duka, bosi, mheshimiwa, yeyote aliyemfungulia mlango. Ukitajwa, shingo inarefuka. Sebene bila jina kwetu ni bukari, ugali wetu, bila mboga. Nimekulia humo, na mdomo wangu umezoea kutaja kabla mi mwenyewe sijafikiri. Nikamwapia mbele ya Mungu kwamba sitataja mtu, na siku hiyo nilikuwa nasema kweli.

Sasa, studio nzuri ilikuwa moja tu, ya mnunuzi wa madini, chumba kilichokuwa nyuma ya depo yake ya kupimia madini. Aliwapenda wanamuziki, akatuachia bure. Rafiki yangu hakutaka kabisa kuingia mle, maana magunia ya Mudogo nayo yalipita kwenye mzani wa depo ile. Wiki nzima nilimsumbua. Nikamwambia mikrofoni haijamkosea mtu. Nikamwambia Mudogo mwenyewe angependa. Mwishowe akatikisa kichwa kukubali, ili ninyamaze.

Tuliimba mara mbili, haikukaa. Mara ya tatu, ee Mungu wangu, ikakaa! Gitaa lilikuwa linalia na kucheka pamoja. Tulipoingia kwenye sebene, yule mnunuzi akafungua mlango, akasimama nyuma ya kioo, akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamwona. Nikafungua mdomo, nikatupa jina lake, na la baba yake, na lile la sifa ambalo wafanyakazi wake humwita. Yote, bila kukosea hata kidogo.

Rafiki yangu alipiga mpaka nota ya mwisho. Halafu akalaza gitaa lake kwenye mfuko, akafunga zipu, akatoka bila kuniangalia. Nikamwangukia miguuni fundi wa kurekodi, nikamwomba afute. Mnunuzi akaingia anapiga makofi: "Usiguse! Njo hii, ndiyo yenyewe!" Kabla ya Jumapili wimbo ulikuwa kwenye kila simu, kwenye kila taxi-moto, kwenye mabaa yote ya Manika.

Niseme na hili, maana ni la kweli: nilifurahi. Siku mbili tatu nilitembea barabarani nikijisikia, nikachekea watu. Kisha nikaanza kujichukia, na chuki hiyo haikunipa usingizi wala hamu ya kula. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilimpigia rafiki yangu simu, hakujibu. Nikapita mbele ya kiwanja chao mara ngapi sijui, nikifika kwenye kona nageuza. Niliandika nyimbo nne kwa mwezi mmoja. Zote niliziona nzuri, na hapo nikajua ni mbaya.

Jumamosi moja asubuhi nikashindwa. Nikafunga fotokopi na watu wamepanga foleni, nikaenda. Rafiki yangu alikuwa barazani amefungua redio ya mtu, hakuinua uso. Mama yake alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo. Nikapiga magoti, nikapiga makofi ya salamu.

"Mama, nimekosa," nikasema. "Nimekuja kuimba ile wimbo tena, hapa kwenu, bila libanga. Musikie paka nyie."

Mama akaendelea na majani yake kidogo. "Mutoto wangu, sauti yako ni muzuri, mi sikatai," akasema. "Taxi-moto ikipita mu barabara, minasikia mutoto wangu anaimba. Naacha kazi, nasimama. Alafu banataja jina ya ule mutu. Kila siku minamupoteza pale pale."

Nikalia, jamani, nikalia bila kujificha. Rafiki yangu akainuka, akaingia ndani. Nilidhani amenikimbia. Akatoka na gitaa, akakaa kwenye kiti cha mbali, akaanza.

Nikaimba. Tulipofika kwenye sebene mdomo ulitaka kufunguka. Nikauma midomo mpaka ikauma kweli, na ile nafasi ya jina ikapita tupu. Nilijiona nimeshinda.

Mama akainua mkono. "Simama. Juu ya nini unanyamaza? Taja jina ya mutoto wangu."

Rafiki yangu akairudisha ile sebene kutoka mwanzo, polepole, akinifungulia nafasi. Mudogo, Mudogo. Miaka yote ile ya Jumapili amekula nasi sahani moja, nimeomba wimbo wake, nimejulikana kwa wimbo wake, na sijawahi kuuliza anaitwa nani.

"Mama," nikasema, "jina yake njo nani?"

Rafiki yangu akaondoa vidole kwenye nyuzi, na siku hiyo hakuvirudisha. Mama hakunikemea. Alifuta mikono kwenye kitenge, akanitajia yote matatu, la babu yake, la ukoo, la ubatizo. La kwanza nikalikosea. Akalitaja tena, polepole, jinsi unavyomtajia mgeni.