Vidudu Vilivyongoja Wageni

Mutanicheka, lakini acha niseme. Kazi yangu ni kulisha vitoto vya kambale kwenye labo ya chuo chetu, hapa Bukavu. Chakula chao ni vidudu hai vya maji ya chumvi, vidogo kama vumbi. Ninavishibisha kwanza mafuta ya samaki na kiini cha yai, halafu ninavimwaga kwa basini ya kambale, ili mafuta yale yawafikie vitoto.

Alhamisi tulikuwa na wageni waliotua na ndege Kavumu, kuja kuona labo. Asubuhi vidudu vikashiba. Lakini kwetu nyumbani sufuria haifunguliwi kabla ya mugeni kufika, basi nikavisafisha, nikavifunika, nikangoja. Wageni wakafika saa nane. Papa Direktere, mukubwa wetu, akaomba sala, akatoa hotuba, akairudia kwa Kifaransa. Mimi nimesimama na kravati shingoni, kwa ajili ya vidudu!

Mwishowe nikaweka tone moja chini ya mikroskopu, picha ikatokea ukutani nyuma yangu.

"Muone matumbo namna yanajaa mafuta!" nikatangaza bila kugeuka.

Maman Nsimire, mwenye kusafisha labo, akakohoa, akaniambia:

"Papa, matumbo iko wazi kabisa. Mama mwenye kunyonyesha akishinda njaa, mutoto atanyonya nini?"

Nikageuka. Kweli, yale matumbo ungeweza kusoma gazeti kupitia ndani yake. Vidudu vyenyewe vilikuwa vimeyamaliza mafuta yote wakati wa kungoja na hotuba.

"Na vile vitoto vya samaki," akaongeza kwa upole, "leo vimekula saa ngapi?"

Wageni wote wakaniangalia. Mimi nikaangalia kravati.