Gunia la Kichanjani

Restuta alipokaanga kahawa pale Tunduma, harufu yake haikuomba ruhusa kwa mtu. Ilitoka mlangoni, ikapita katikati ya malori yaliyopanga foleni ya mpakani, ikavuka hadi Nakonde upande wa Zambia huku maofisa wa forodha wakiitazama tu, maana harufu haina mahali pa kugongwa muhuri. Dereva mmoja aliyekuwa amelala juu ya usukani aliamshwa nayo, akawasha gari, akajikuta ameshavuka kabla hajakumbuka kwamba hana karatasi hata moja. Anayebisha na abishe. Malori yapo, akaulize.

Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mabati, na ndani yake pipa la mafuta lililolazwa juu ya mkaa na kutiwa mkono wa kuzungushia, kazi ya fundi aliyezoea kuchomelea mageti. Mteja alisimama akaona kahawa yake ikibadilika rangi mbele ya macho, akaondoka nayo ikiwa ya moto kwenye mfuko wa kaki, nzima au ya kusaga, apendavyo.

Kabla ya hapo Restuta alikuwa mama chai. Alizaliwa Mlowo, barabarani, kwenye makelele ya wanunuzi wa mazao, akaolewa na Boazi, fundi wa breki za malori. Walihamia Tunduma miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mtu akajiita mfanyabiashara, hata mwenye kuku mmoja. Akawa anauza chai na chapati kando ya foleni. Siku moja dereva wa Kitwe akamwomba kahawa. Restuta akamkorogea ile ya unga, ya kopo.

"Mayo," dereva akasema, kwa Kibemba chao cha kumheshimu mama, "huko nyuma nimepita Mbozi, kahawa imesongamana mpaka karibu inipige kofi dirishani. Na wewe unanipa ya kopo?"

Kweli, kule Mbozi watu walipalilia kahawa, wakaichuma, wakaimenya, wakaiosha, wakaianika, wakaiuza, kisha wakaketi kunywa chai. Ilikuwa kama kumlea mtoto wa watu: unamlisha, unamwogesha, siku ya siku wenyewe wanakuja kumchukua, nawe hujawahi hata kumsikia akiimba. Aibu ile ndiyo iliyomnunulia Restuta pipa.

Kahawa aliitoa Igamba, huko huko Mbozi, kwa baba mkwe wake, mzee Hezron. Na hapa habari ya ukwe lazima isemwe. Katika ukoo ule, baba mkwe na mke wa mwanawe hawasemeshani. Zamani maneno yao yalipita kwa mama mkwe, Tabita. Tabita alipofariki, maneno yakakosa mjumbe. Basi kila mmoja akawa anakiambia kitu kilichokuwa karibu, na mwenzake anasikia kama kwa bahati. Walilituma jembe, walimtuma mbwa, lakini zaidi walimtuma kuku mmoja mweupe, ambaye alibeba mashauri ya ukoo kuliko mwenyekiti wa kijiji, na hakuwahi kuvujisha siri hata moja.

Mwaka ule Danford, mdogo wake Boazi aliyebaki kijijini, alikuwa amechoshwa na kahawa. Bei ilipanda na kushuka kama mlevi kilimani. "Baba, tung'oe," alisema. "Tupande mahindi. Mahindi hata ukikosa mnunuzi unayala." Mzee hakumkatalia. Alisema wangoje mavuno yale. Mke wa Boazi akipata mtu wa kuipokea kahawa yote na kuisifu, miti ibaki. Asipopata, Danford alete jembe. Mikahawa ile Hezron aliipanda ujanani pamoja na Tabita, yeye akichimba mashimo, mkewe akileta maji mtoni kwa kichwa.

Mtu mwenyewe Restuta alikuwa naye. Aliitwa Watson, mwenye duka la kahawa Lusaka, na kaangio la kioo ambamo wateja huziona punje zikicheza. Alipita Tunduma akielekea Dar kuchukua magari bandarini, akaonja ya Restuta, akasema, "Niwekee ya mavuno mapya. Ikiwa kama hii, nitachukua ya mzee yote, kila mwaka." Restuta akampigia simu Danford: baba achague iliyo bora kuliko zote.

Gunia lilipofika, Restuta alilifungua, akarudi nyuma hatua. Akajiambia ni harufu ya mkaa wa kwenye lori. Akatwanga kidogo kinuni kutoa maganda, akapepeta, akakaanga. Akajiambia ni pipa, limechoka. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaada.

Watson akaja. Alionja kwa kijiko, akavuta kwa mdomo kwa kishindo, mbwa wa Nakonde wakabweka.

"Mayo, hii ilikaa wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumba iliungua?"

"Haikuungua."

"Basi ilikuwa mbioni kuungua." Akacheka, lakini kikombe alikisukuma kando. "Mahindi ya kuchoma nayapenda sana, ila wateja wangu hawaji kunywa mahindi ya kuchoma. Nikirudi kutoka Dar nitaonja nyingine kama unayo. Kama ni hii, tutabaki marafiki tu."

Kesho yake Restuta alikuwa Igamba. Aliingia jikoni, akainua macho juu ya mafiga, akaona. Kwenye kichanja, kati ya mahindi ya mbegu yaliyofungwa kwa maganda yake na kuwa meusi kwa masizi, palikuwa na nafasi wazi ya ukubwa wa gunia.

Hapo juu hapawekwi kitu hovyo. Hapo hukaa mbegu, ile ambayo hata njaa ikiingia ndani na kuvuta kiti, haipikwi. Moshi huilinda isitobolewe na fukusi. Moshi wa jiko lile ulikuwa mzito kiasi kwamba panya walipita wakikohoa na kuombana radhi. Mzee alikuwa ameichukua kahawa ya mkamwana wake akaipandisha mahali pa mbegu, mahali ambapo ni Tabita peke yake aliyekuwa akipanda kuweka.

Restuta akaketi kwenye kigoda. Angeweza kusema Watson hakurudi. Miti ingeng'olewa, na mzee angebaki na heshima yake. Angeweza kununua kahawa ya watu wengine Mlowo, aipeleke Lusaka kwa jina la Hezron, na miti ingebaki, na mzee angesifiwa kwa jasho la jirani. Njia zote mbili zilikuwa laini. Alizitazama, kisha akazitazama tena, kama mtu anayetazama vitambaa visivyo vyake. Mtu anawezaje kumwambia mzee kwamba mkono wake ulioiheshimu kahawa ndio ulioiharibu?

Akaenda stoo, ng'ambo ya ua. Kwenye kona, karibu na majembe, palikuwa na kahawa iliyobaki baada ya mzee kuchagua. Akainusa. Ilinukia kahawa tu.

Akatwanga zote mbili, akakaanga kila moja kwenye chungu chake, akachemsha. Hezron alikuwa barazani, amemgeuzia bega kama desturi. Restuta akapiga magoti pembeni, akaviweka vikombe viwili.

"We kuku," akasema, "mwambie baba shikamoo. Mwambie nimemletea mazao yake aonje."

"Marahaba," mzee akamwambia kuku. "Mwambie mimi nakunywa chai."

"Mwambie ni mara moja tu."

Kuku akaona mambo yamekuwa makubwa, akaenda zake bandani. Kikabaki kinu.

Mzee alikishika kikombe cha kwanza, kile cha stoo, kwa mikono miwili. Mvi zilikuwa zimemwotea katika shamba lile, na hakuwahi kuionja kahawa yake. Akanywa. Akakunja uso. "Chungu," akakiambia kinu. Akanywa tena, polepole, akabaki anatazama miti. Kisha akachukua cha pili, akanywa mpaka tone la mwisho.

"Hii ndiyo. Hii ina kwao, inanukia jikoni."

"Ewe kinu," Restuta akasema, "mwambie baba, mnunuzi anaitaka ile ya kwanza."

"Ile ya kwenye majembe?"

"Hiyo hiyo."

"Na hii niliyoipandisha kwenye mbegu za Tabita?"

"Imeshika moshi, baba. Mnunuzi ameikataa."

Neno lilitoka bila mjumbe. Wote wawili walishtuka kama chungu kimepasuka. Restuta akainama mpaka paji la uso karibu liguse udongo. Mzee aliinuka, akachukua fimbo, akaingia shambani, akawa anapita kati ya mikahawa, mti kwa mti, akiishika matawi. Aliporudi hakumtazama. Alisimama mbele ya kinu.

"Mwambie achukue yote ya stoo. Ya moshi ibaki, nitakunywa mimi."

Restuta aliondoka bila kujua kama amesamehewa.

Watson aliporudi na kuonja, safari hii kikombe alikivuta karibu. "Mayo, hii ndiyo. Umeifanya nini?"

"Sikuifanya kitu. Hii haikupendwa sana."

Watson alimwangalia, akangoja acheke. Hakucheka. Basi akanywa tena, akasema atachukua yote, na ya mwaka ujao mzee asimpe mwingine.

Habari kama ile haipelekwi kwa simu. Restuta alipanda tena Igamba, njia nzima akijiuliza atapokelewaje, yeye aliyemsemesha mkwe kwa kinywa kitupu. Alipofika uani alimkuta Danford amebeba matofali begani, jasho linamtiririka.

"Shemeji," Danford akasema, "umemfanyia nini baba? Mimi nimenoa jembe la kung'olea, yeye ananibebesha matofali!"

"Anajenga nini?"

"Jiko. Analihamishia kule chini, nyuma ya migomba. Anasema upepo ukigeuka, moshi unaingia stoo. Nikamwambia, baba, si tuihamishe kahawa tu? Akasema kahawa imefika kwanza."

Restuta akakiambia kinu, mzee akisikia, kwamba Watson amechukua yote na ya mwakani anaitaka. Igamba nzima ilicheka: mzee amefukuza moto nyumbani kwake kama mke mkorofi. Hezron aliwaacha wacheke. Jiko likaisha, likawa mbali kiasi kwamba ugali ulioondoka mafigani ukiwa unafuka ulimfikia barazani umepoa na kukaza, na siku za mvua ulifika umelowa juu. Siku jiko lilipowashwa mara ya kwanza, Restuta ndiye aliyeupika na kuupandisha. Mzee alinawa, akaukata, akatafuna ubaridi wake, macho yake yakiwa shambani.