Milioni Moja na Moja

Harufu ya maharage yanayochemka juu ya kuni mbichi ndiyo iliyotawala nyumba yetu ya Kasulu msimu ule wa mvua, katika miaka ya tisini, nilipokuwa darasa la sita. Shule ilikuwa imefungwa, ukungu ulishuka vilimani hadi mlangoni, nasi watoto tukajibanza jikoni na mama pamoja na shangazi Yudita, dada yake baba. Shangazi alikuwa amerudishwa kwao kutoka Kibondo baada ya miaka mingi ya ndoa bila mtoto. Hakulalamika. Alitulisha, alituogesha, alitusuka nywele. Lakini sokoni wanawake walinong'ona juu yake, na neno walilolitumia tulilijua.

Kabla ya likizo, Mwalimu Zuberi, mtu wa pwani aliyependa methali kuliko chaki, aliandika ubaoni 1,000,001. Akatuuliza kama inagawanyika au ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema, akaenda zake. Mimi na kaka yangu Elia tukainama. Tulikokotoa kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni. Tatu ilibakiza mbili. Saba ilibakiza mbili. Kumi na moja, mbili. Kumi na tatu, mbili tena, kana kwamba namba ile inatucheka. Mlango ukajaa, mikono ikawa myeusi, tukakaribia mia moja pasipo kupata kitu.

"Tuiache," Elia akasema. "Hii ni tasa."

Mama aliacha kukoroga. Elia akatambua alichokitamka, akainamisha kichwa. Shangazi aliendelea kupeta ulezi, kisha akauliza kwa sauti yake ya kila siku, "Mmejaribu zote?"

"Bado, shangazi. Tumefika tisini na saba."

"Basi endeleeni. Msiipe jina kabla ya wakati."

Nikajaribu mia moja na moja. Ikaingia bila baki, mara elfu tisa mia tisa na moja. Nilirudia kugawanya kwa kuogopa kwamba nimekosea, Elia akihema begani kwangu, na jibu halikubadilika.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu alikubali jibu letu, kisha akaongeza jambo ambalo sikulitegemea. Mia moja na moja ni tasa, akasema, na elfu tisa mia tisa na moja nayo ni tasa. Na namba nyingine zote kuanzia mbili zimejengwa kwa tasa zilizozidishwa. Nilikimbia nyumbani kwenye matope, nikamkuta shangazi akifua uani, nikamweleza neno kwa neno.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Sema kwa nguvu, mama yako asikie."

Mama akajibu kutoka ndani kwamba yeye hilo alilijua zamani: kuzaa si kazi, kazi kulea. Wakacheka wote wawili, hata shangazi akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Leo nafundisha hesabu Kibondo, na wanafunzi wangu hulipata jibu la swali lile kwenye simu kabla sijaweka chaki chini. Siwalaumu, hata mimi simu hiyo naitumia. Shangazi anaishi Munanila, analima kahawa yake mwenyewe, na kila Krismasi ikikaribia sisi aliotulea hubishana atakula kwa nani. Mwaka jana alikwenda kwa Elia. Mwaka huu nimewahi kumpigia.