Gazeti Linalozaliwa Kila Mwaka

Vijana wa gazeti la wanafunzi waliponiomba niwaandikie historia yake, nilikubali haraka, na haraka hiyo imenitesa. Zamani nilikuwa mhariri wake, enzi za kubandika kurasa ukutani karibu na mlango wa maktaba. Chuo kilikuwa na chumba kitupu, chenye mlango wa kufungika na umeme wa kuaminika kiasi, na gazeti lingepewa likithibitisha kwamba ni la siku nyingi. Nilikitaka chumba kile kuliko wao. Sisi tulihariri kwenye ngazi, tukisogea kila mtu alipotaka kupita.

Nikaanza kutafuta, na kichwa kikaanza kuniuma. Kwetu, kila komite ya wanafunzi ikiingia inafuta iliyopita. Inabadilisha mhuri, inabadilisha kufuli, na gazeti inalipa jina jipya na kuandika juu yake "Toleo la kwanza". Nikajikuta na matoleo ya kwanza rundo zima, na la pili moja tu, nalo limechanika. Mhariri mwenzangu wa zamani, mama anayekaa Kipushi, alikuwa ametandika nakala zake kwenye rafu za kabati la vyombo. Nilitoa sahani nikabandua, huku yeye akiniuliza sasa atatandika nini.

Hata hivyo niliunganisha. Nilionyesha kwamba majina yote yale yalikuwa gazeti lilelile: ukuta uleule, malalamiko yaleyale ya maji kukatika bwenini. Nikawasihi vijana waichapishe historia hiyo chini ya jina walilolikuta. Waliitikia vizuri sana.

Siku ya kuonana na katibu wa chuo, mwenyekiti wa komite yao alitoa nakala kwenye bahasha. Historia yangu ilikuwamo, nzima. Juu yake kulikuwa na jina ambalo sijawahi kulisikia, na chini ya jina: Toleo la kwanza.

"Mbona mmebadilisha?" nilimuuliza palepale mbele ya katibu.

"Mama, ile jina ilikuwa ya komite ya bale benye balitoka," akanijibu kwa upole. "Shiye tuko komite ingine."

Katibu alisoma ukurasa wa juu, hakufungua ndani. "Hii journal iko mupya," akasema. "Chumba ni ya bale beko tangu zamani."

Nilikasirika hadi Kifaransa cha ofisini kikanipotea. Nilimfungulia kurasa, nikamwonyesha kwa kidole, lakini alikuwa tayari anatazama saa. Chumba kilipewa kwaya, ambayo inaitwa vilevile tangu mimi nikiwa mwanafunzi.

Juzi mwenyekiti alinipigia simu. Muda wake umekwisha, akasema, na komite inayoingia ingependa niwaandikie historia. Nikamuuliza gazeti linaitwaje sasa.

"Banatafuta kwanza jina, mama."